Neno Ambalo Halikuwamo Kwenye Karatasi

Sifa zote njema ni zake Yeye atoaye pumzi na kuichukua kwa wakati anaoujua mwenyewe, aliyenifikisha umri ambao wengi wa rika langu hawakuufikia, akanibakishia macho ya kusomea na mkono wa kuandikia. Namshukuru kwa afya na namshukuru kwa maradhi. Namshukuru hata kwa haya nitakayoyasimulia, ingawa shukrani hii huchukua muda kila asubuhi kabla haijafika ulimini. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu, na watu wake, na wote waliomfuata.

Mimi ni mwalimu wa chuo. Nimefundisha watoto Kurani tangu ujanani, kwanza kule Mucojo, mji wetu wa pwani, kisha huku kaskazini zaidi nilikohamia na mke wangu. Nasoma Kiarabu cha dini, naandika Kiswahili kwa herufi zote mbili, na Kireno changu ni cha kuulizia njia tu. Siku moja baada ya sala ya alasiri alinijia daktari mwanamke, mtu wa kusini mwa nchi, ambaye mji mzima ulimwita Dotora. Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka wangu, akaeleza shida yake kwa Kiswahili alichojifunza kwa wagonjwa. Kilikuwa Kiswahili kilichojaa maumivu: alijua kusema kuchoma, kuwasha, kutapika na kuharisha, lakini hakujua neno la makubaliano.

Alitaka shahidi. Hospitalini walikuwa wanajaribu dawa ya kuzuia malaria kwa watoto wadogo. Mtoto anapewa dawa kila mwezi, anachomwa kidole, tone la damu linatazamwa, na akipata homa wakati wowote aletwe mara moja atibiwe. Kabla mtoto hajaingia, mama husomewa karatasi ndefu. Kama hajui kusoma, sheria yao inataka awepo mtu asiyekuwa wa kundi lao, asikilize yote, aridhike kwamba mama ameelewa na hakusukumwa, kisha atie sahihi kando ya alama ya dole gumba. Nilimwambia hata ndoa zetu hazifungwi bila mashahidi. Nikakubali.

Hivyo kwa karibu miaka miwili nilikaa nao katika chumba kimoja nyuma ya wodi ya wazazi. Kulikuwa na meza, benchi, friji dogo lililovuma kama nyuki, na mzani wa kuning'iniza watoto. Nesi alikuwa mwanamke wa Kimakonde kutoka nyanda za juu, Mkristo, mwenye sauti kubwa na mikono myepesi. Aliweza kumchoma mtoto kidole na kumfunga kabla mtoto hajaamua kulia. Mpimaji damu alikuwa bwana mkimya aliyeinamia darubini kutwa, na mjini walimsingizia kwamba anauza damu ng'ambo. Alipoambiwa hivyo alijibu tu kwamba angekuwa anauza angenunua kiti kisichoyumba. Wa nne alikuwa bwana wa kijiji cha Pundanhar, wenyewe wakimwita ativista, aliyezifuata nyumba za watoto kwa pikipiki. Hakuzijua kwa namba. Alizijua kwa mbwa wa kila moja na kwa mahali choo kilipo.

Niliwapenda. Nawataja hivi ili adhaniye kwamba watu wa utafiti ni watu wa kuchukua tu, ajue nilichokiona. Nilimwona nesi akikataa kula mpaka joto la mtoto mmoja lishuke. Nilimwona Dotora akiomba radhi kwa mtoto wa mwaka mmoja, kwa Kireno, kwa sababu ya sindano.

Karatasi yenyewe ndiyo ilikuwa shida. Ilitafsiriwa mbali, na watu wa Kiswahili cha vitabuni. Nesi aliisoma taratibu, mshiriki, utafiti, manufaa kwa jamii, na kina mama waliinamisha macho kama watu wanaosikiliza hotuba ya serikali. Kila walipoulizwa kama wameelewa waliitikia kwa kichwa. Mimi niliona hawajaelewa, nikakataa kutia sahihi, mara ya kwanza na ya pili, na kazi ikalala.

Siku ya tatu bibi mmoja aliyemsindikiza mkaza mwanawe akachoka kusikiliza.

"Mwanangu, mbona mnatuzungusha?" akamwambia nesi. "Damu ya mjukuu wangu mnaitoa ili homa ya nani ipoe?"

"Ya watoto watakaokuja, bibi. Hata wa nchi nyingine."

"Ninawajua?"

"Huwajui."

"Nao wananijua?"

"Hawakujui, bibi."

"Haya basi. Si wazimu huo?"

Hapo ndipo nilipofungua kinywa. Nilisema, "Si wazimu, mama. Ichukulie kama sadaka. Unampa usiyemjua, na Mungu anakujua."

Bibi akanitazama, akagonganisha viganja mara moja. "Sadaka? Sadaka wali uko wapi, Mwalimu? Tena nani kafa?"

Kwetu sadaka ni pia chakula cha kumwombea maiti, kwa hiyo benchi zima likaangua kicheko, na mpimaji damu akachungulia mlangoni kuona kuna nini. Lakini kicheko kilipokwisha, nyuso zilikuwa zimefunguka. Mkaza mwana yule aliuliza maswali mawili ya maana, akaweka dole gumba. Nami nikatia sahihi kwa moyo mweupe.

"Babu," nesi akaniambia walipotoka, "wewe ungezaliwa kwetu ungekuwa padri."

"Nisingeweza, mwanangu. Nampenda mke wangu."

Tangu siku hiyo nililisema neno lile kila asubuhi ya kazi. Dotora alimuuliza ativista maana yake, naye akamweleza kwa Kireno. Alifikiri kidogo, kisha akaniuliza, "Lakini wanajua wanaweza kuacha? Siku yoyote, bila sababu?"

"Imo kwenye karatasi," nikamjibu. "Nesi huisoma."

Ilikuwa kweli. Nesi aliisoma kila mara: unaweza kuacha, unaweza kuuliza, unaweza kulalamika, ukiona dalili yoyote njoo. Na kila mara, akimaliza kusoma, kina mama waligeuka kunitazama mimi, nami nikasema sadaka.

Mama ninayetaka kumsimulia alikuja baada ya mvua. Alimbeba mtoto wa kike wa mwaka na nusu mgongoni, kwa kanga ya kapulana iliyofifia. Aliponiona alisimama mlangoni, akaja akaushika mkono wangu na kuubusu. Sikumjua mpaka aliposema jina la mtaa wangu wa zamani Mucojo. Alikuwa mwanafunzi wangu. Nilimkumbuka akiwa na miaka tisa, akikaa safu ya nyuma, mwenye kumbukumbu nzuri kuliko wavulana wote, mpaka wavulana walimchukia.

Vita vilimkimbiza akiwa na mimba ya mtoto huyu. Mumewe alitoka siku hiyo kutafuta njia, na mpaka leo hakuna aliyemwona. Alifika mji huu kwa miguu na kwa mashua za watu, akapewa sehemu kwenye kiwanja cha wakimbizi, akapewa turubai, akapewa unga na maharage. Haya alinieleza kwa sauti ya kawaida, huku akimfuta mtoto kamasi.

Nesi akasoma karatasi. Mimi nikasema neno langu.

Akamsogeza mtoto mgongoni. Kisha akasema, "Basi na mimi ninacho cha kutoa, Mwalimu." Akacheka kidogo, kwa haya. "Tangu nikimbie, mimi ni wa kupokea tu. Nilishasahau mkono unakaaje ukiwa juu."

Nesi aligeuka akajifanya anapanga sindano. Nami nilitia sahihi nikimshukuru Mungu kwamba neno moja limemrudishia mtu hadhi yake.

Alikuja miezi mitatu, bila kuchelewa hata siku moja. Mtoto alikuwa na tabia ya kumng'ang'ania ativista kwenye suruali, na ativista, mtu mzima mwenye ndevu, alikuwa anatembea chumbani akimburuta mguuni kama kiatu kikubwa. "Mchukue basi," mama alimtania, "ila kula yake utaiweza?" Baada ya dawa ya mwezi wa nne, iliyotolewa siku ya Jumatatu, walikwenda zao kama kawaida.

Ijumaa asubuhi nilikuwa natawadha nyumbani, najitayarisha kwa hotuba ya Ijumaa, pikipiki ya ativista ikasimama nje. Hakuzima injini. "Mzee, njoo," akasema. "Yule wa kwenye suruali yangu."

Nilipofika, mtoto alikuwa mezani na Dotora alikuwa amemwinamia. Mpimaji damu alitoka na karatasi yake, akasema malaria imejaa, imejaa kabisa, na hii si ya leo. Homa ilianza Jumanne usiku. Siku tatu mama amemkanda kwa maji na kumsomea, hatua chache kutoka hospitali ambayo ilikuwa inamngoja. Dawa ya kuzuia huzuia wengi, haizuii wote, ndiyo maana waliambiwa walete homa yoyote. Walijitahidi mbele ya macho yangu. Kabla ya adhana ya adhuhuri mtoto alikata roho. Sisi tu wa Mwenyezi Mungu na kwake ndiko tunakorejea.

Nesi ndiye aliyevunjika kwanza, na alivunjika kwa hasira, kama wavunjikavyo watu wenye kupenda kazi yao. "Dada, kwa nini hukuja? Namba si unayo? Jirani yako simu si anayo? Kwa nini?"

Mama alikuwa amempakata mtoto. Hakumtazama nesi. Alinitazama mimi.

"Nilikuwa nimeshatoa," akasema.

"Umetoa nini?" nesi akauliza. "Dawa? Ulimpa dawa? Dawa gani?"

Mama hakujibu tena. Na katika chumba kile kimya chake kilihesabiwa kuwa jibu. Nesi aliandika kwenye fomu kwamba mama alimpa mtoto dawa ya kienyeji nyumbani, haijulikani ni ipi.

Lakini mimi nilikuwa nimeelewa tangu neno la kwanza. Sadaka ina adabu zake, na adabu hizo nilimfundisha mimi, kule Mucojo, safu ya nyuma. Ukishatoa hurudishi mkono. Hulalamiki. Humwendei uliyempa ukamsimanga au kumpa udhia, kwa maana udhia huiharibu sadaka ikawa kama haikutolewa. Alimwona mtoto amepata homa siku moja baada ya dawa, akadhani homa ni sehemu ya kile alichokitoa, na kwenda hospitali ni kukilalamikia. Alikuwa na kitu kimoja tu cha kutoa duniani. Hakutaka kukiharibu.

Nilielewa, na nikanyamaza. Nilikwenda nikahutubia msikitini, na sikumbuki nilihutubia nini. Alasiri nikamsalia mtoto. Nikakaa matangani siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, na nikasikia maneno yakitembea nyuma ya turubai.

"Alimpa mizizi."

"Nani kasema?"

"Hospitali wenyewe wameandika."

"Hawa wa Mucojo ndivyo walivyo."

Alikuwa anasikia. Niliona kwamba anasikia. Hakujitetea hata kwa neno moja, na sababu ya kutojitetea ilikuwa ile ile, nami niliijua, nikaendelea kunywa chai ya msiba. Jina la mwanamke aliyekwisha nyang'anywa kila kitu lilikuwa linanyang'anywa mbele yangu, na ulimi mmoja tu ungeweza kulirudisha.

Jumatatu asubuhi ativista alifika na fomu, kuwauliza majirani ni mizizi gani. Ndipo nikasimama, nikamwambia asiulize mtu, anipakie kwenye pikipiki anipeleke kwa Dotora. Nilitumia siku tatu kufanya jambo la dakika tano. Hilo nitaulizwa.

Nilimweleza Dotora mbele ya wote, taratibu, ativista akitafsiri. Hakunikatiza. Nilipomaliza nesi alikuwa analia. "Babu, mimi nimeandika kwa mkono wangu. Nimemwandika mwenzangu kwamba amemuua mwanawe."

"Ulisikia neno la chuoni kwangu," nikamwambia, "na hukuwa na njia ya kulijua."

Dotora akaichukua ile fomu. Katika kazi yao kosa halifutwi wala halikwanguliwi. Hupigwa mstari mmoja ili liendelee kusomeka, kisha juu yake huandikwa lililo kweli, na tarehe, na sahihi. Akapiga mstari. Akaandika muda mrefu. Kisha akaniuliza, kwa kile Kiswahili chake cha wagonjwa, "Mwalimu, wengine wangapi wanafikiri hivyo?"

"Sijui."

"Kina mama wote uliowasemea?"

"Huenda wote."

Akafumba macho. Siku hiyo hiyo aliandikia wakubwa wake, na kazi ikasimamishwa. Waliwaita kina mama mmoja mmoja, na ambao hawakuja walifuatwa majumbani. Nesi alitupa kando Kiswahili cha karatasi, akawaambia kwa sauti yake ya mlimani: "Hii si sadaka. Mtoto akichemka njoo utusumbue. Usiku njoo, Idi njoo, njoo ututukane, lakini njoo!" Wengine waliacha siku hiyo, wakashukuriwa, wakaondoka na watoto wao. Mama mmoja alikiri kwamba naye aliwahi kuficha homa. Nilikuwa nimekaa nje, dirishani, nikasikia. Ushahidi wangu ulikuwa umekwisha. Dotora aliniambia kwa upole kwamba shahidi hana ruhusa ya kuongeza neno, nami nilijua hivyo kabla hajasema. Aliyekuja baada yangu ni mwalimu mstaafu wa shule ya serikali, mwanamke. Nasikia haongezi kitu. Anasikiliza tu.

Ilibaki kwenda kwa yule mama. Nilikwenda na nesi, asubuhi. Tulimkuta mbele ya turubai lake anamenya mihogo ya jirani. Alitutandikia mkeka, akaendelea kumenya. Nilisema yote. Kwamba lile neno halikuwamo kwenye karatasi, nililitia mimi. Kwamba hakufanya kosa lolote ila kumwamini mwalimu wake.

Kisu kilienda polepole. "Kwa hiyo ningekuja Jumatano," akamuuliza nesi, "msingechukia?"

"Dada yangu," nesi akasema, "tulikuwa tunakungoja."

Akaweka kisu chini. "Na angepona?"

Nesi alinitazama mimi, kisha akamtazama yeye. "Jumatano? Naamini angepona."

Majirani walikuwa wanasikiliza upande wa pili wa ua. Yeye alikuwa anatazama mikono yake iliyojaa wanga mweupe. "Na haikuwa sadaka," akasema. Hakuuliza. Alisema.

Hapo nilifahamu kwamba nimekuja kumrudishia jina na kumnyang'anya faraja kwa pamoja, na kwamba hakukuwa na njia ya kumpa moja bila kuchukua nyingine. Elimu yangu yote ikanijia mdomoni. Nikaanza kumwambia kwamba amali ni kwa nia, kwamba nia yake Mungu ameiona, kwamba mbele Yake kile alichokitoa...

"Mwalimu," akanikatiza, kwa adabu ile ile ya chuoni. "Usiongeze tena."



Baada ya muda akaelekeza kidevu kwenye ua. "Waambie hao."

Nikasimama na magoti yangu haya, nikawaambia kwa sauti ya mimbarini. Kwamba mwanamke huyu hakumpa mwanawe mzizi wala jani. Kwamba alichelewa kwa sababu yangu, kwa neno langu, na fomu ya hospitali imesahihishwa. Mtu mmoja akakohoa. Bibi mmoja akasema, "Tusamehe, mama," na mwingine akasema hivyo. Nilipogeuka, mama alikuwa amesimama kwenye mlango wa turubai. Aliitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea kitu chake, akaingia ndani. Hakutusindikiza.

Miezi kadhaa baadaye watu wa Mucojo walianza kurudi kwao, naye akaondoka pamoja nao kwenye gari la mizigo. Hakuja kuniaga, na sikustahili kuagwa. Nesi alikwenda barabarani kumpungia. Aliniambia kwamba mama alipunga pia, mpaka gari likapotea kwenye vumbi. Nalishika hilo. Kila baada ya alfajiri namwombea, na sijiombei msamaha wake. Namwombea usingizi, na shamba, na mtu wa kumpikia, na kama mumewe yu hai, wakutane.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akulindie watoto wako na homa zao, akuwekee mlango ulio wazi siku ya dhiki, na akupe miguu ya kuuendea bila haya. Akusahilishie kusema kweli ingali mapema. Amin.